Daftari la Mbwa, na Faida Yake Siku ya Hatari

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalicheka wakilisikia mara ya kwanza, nalo ni daftari la mbwa. Mwenye duka ana daftari la madeni, chama kina daftari la michango, na mwalimu ana daftari la kuitia majina ya watoto kila asubuhi. Lakini mbwa, alalaye uani na kula makombo, yeye aandikiwe nini? Twawaomba msikate shauri upesi. Tusikilizeni mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe kama jambo hili ni la mchezo au ni la maisha ya watu.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu wengi wakiyasikia maneno hayo hukumbuka fedha, mashamba na ng'ombe. Hata hivyo mbwa naye ni mali, tena ni mali yenye kazi. Usiku hulinda boma tulalapo. Mchana hufuatana na watoto malishoni, na shambani huwafukuza nyani na nguruwe mwitu. Na zaidi ya kuwa mali, mbwa ni kiumbe aishiye karibu nasi sana: hucheza na watoto wetu na kuwaramba mikono, kisha usiku hutoka akakutana na wanyama tusiowajua. Kwa hiyo hatari ikimpata yeye, haiko mbali na sisi. Naye hana ulimi wa kusema amechanjwa lini, amekula nini, wala ameumwa na nani. Yampasa mwenyewe aseme kwa ajili yake; na akili ya mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata mambo aliyoyajua jana.

Hatari iliyo kubwa kupita zote

Katika hatari zote zinazompata mbwa na watu wa nyumbani kwake, hakuna inayozidi kichaa cha mbwa. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mpaka leo haujatoka katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, na walio wengi ni wa Afrika na Asia. Karibu wote, 99 katika kila 100, huupata kwa mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Hao ndio wachungao mbuzi wetu na kutumwa dukani.

Ugonjwa huu huingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, anapouma, au anapoparura, au anaporamba mahali penye kidonda. Ukisha kuingia hukaa kimya, mara nyingi miezi 2 au 3, pengine juma moja tu, pengine hata mwaka mzima. Mtu hula na kulala na kufanya kazi yake kama kawaida. Lakini dalili zikianza, hakuna dawa ya kutegemewa. Mwisho wake huwa ni mauti. Kinga yake ni ile itolewayo mapema, kabla ya dalili, nayo ina nguvu sana ikitolewa ipasavyo. Ndiyo sababu siku ya kuumwa ni siku ya haraka.

Na kabla hatujafika penye daftari, twapenda kusema neno moja waziwazi, ili mtu asije akatufahamu vibaya. Mtu akiumwa na mbwa, jambo la kwanza ni kukiosha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, kwa muda wa dakika 15. Asipakwe majivu, wala mafuta ya taa, wala majani. Kisha apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile. Mgonjwa asikalishwe nyumbani ati mpaka karatasi za mbwa zipatikane. Mtu mmoja ampeleke mgonjwa, na mwingine alichukue daftari awafuate. Daftari si dawa, na cheti cha chanjo hakiponyi kidonda. Kazi yake ni nyingine, na sasa tutaieleza.

Maswali ya siku ya hatari

Na tuwaze kwamba mtoto wa jirani ameumwa mguuni jioni. Mama yake amemwosha, amemfunga kitambaa, amemleta zahanati. Na mzee mwenye mbwa, kwa kuwa ni mtu mwema, amekuja nyuma yao. Mwuguzi, msichana wa miaka ishirini na kitu, amwuliza mzee:

"Shikamoo, mzee. Mbwa huyo ni wako?"

"Marahaba, binti yangu. Ni wangu."

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa. Watu wa mifugo walikuja pale shuleni, nikampeleka mimi mwenyewe."

"Ilikuwa lini, mzee wangu?"

"Ilikuwa wakati wa mavuno. Lakini sikumbuki kama ni mavuno ya mwaka jana au ya mwaka juzi."

"Hawakukupa cheti?"

"Walinipa. Nadhani kimo katika sanduku la mama watoto, naye amekwenda msibani na ufunguo wake."

Mzee huyu si mwongo. Yawezekana kila neno alilolisema ni kweli. Lakini mwuguzi hawezi kuandika "nadhani" katika fomu yake, na mama aliyempakata mtoto hapati faraja yoyote kwa neno hilo. Wala haijulikani kama chanjo ile ingali na nguvu au imekwisha muda wake. Mbwa aliyechanjwa na cheti chake kisionekane, siku hiyo hana tofauti na mbwa ambaye hakuchanjwa kabisa.

Sasa tumwaze mzee wa pili, aulizwaye maswali yale yale. Yeye amtuma mjukuu wake, naye kabla ya taa kuwashwa arudi na daftari dogo lililofungwa katika mfuko wa nailoni. Ndani yake mna cheti. Mna tarehe ya chanjo, jina la dawa, na tarehe ya kuchanjwa tena, ambayo haijafika. Mna rangi ya mbwa na alama zake, hata mtu asiweze kusema kwamba cheti ni cha mbwa mwingine. Mna namba ya simu ya afisa wa mifugo, ambaye vijijini twamwita Bwana Mifugo. Mwuguzi bado atampa mtoto matibabu kwa kufuata kanuni zake, na ni vema iwe hivyo, kwa maana hakuna chanjo ya mbwa inayomwondolea mtu haja ya kuangaliwa. Lakini sasa ajua aanzie wapi, na Bwana Mifugo apigiwa simu usiku ule ule, wala hangojwi mpaka siku ya soko.

Kuna na jambo jingine ambalo daftari hulifanya, nalo ni kubwa. Mbwa aliyemwuma mtu, akiwa mzima wa kuonekana, haifai kuuawa kwa hasira. Yafaa afungwe mahali salama, aangaliwe kwa muda wa siku 10. Mbwa mwenye ugonjwa katika mate yake huonyesha dalili na kufa katika siku hizo. Akizimaliza siku 10 akiwa mzima, yajulikana kwamba siku ile alipouma, mate yake hayakuwa na ugonjwa. Na hapo waganga wa hospitali waweza kuamua kama mtoto aendelee na sindano au aache. Basi katika daftari utengwe ukurasa wa siku hizo 10, na kila siku paandikwe: amekula au hakula, amekunywa maji au amekataa, sauti yake ni ile ile au imebadilika, anawajua watu wa nyumbani au anawakaripia, anatokwa na mate mengi au hatokwi. Likionekana badiliko lolote, habari ipelekwe mara moja kwa Bwana Mifugo na kwa hospitali. Na akifa, asitupwe wala asizikwe kabla Bwana Mifugo hajaarifiwa, wala mtu asimguse kwa mikono mitupu, kwa kuwa kichwa chake chaweza kuhitajiwa kwa uchunguzi.

Tena yako mashaka ya namna nyingine, yanayompata mbwa mwenyewe. Mbwa wetu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, Bwana Mifugo atauliza swali lile lile: cheti kiko wapi? Mbwa mwenye chanjo inayothibitika huweza kuchanjwa tena upesi na kuangaliwa kwa muda. Asiye na uthibitisho, mara nyingi hana budi kuuawa, au kufungwa peke yake kwa miezi mingi, jambo ambalo watu wachache wa vijijini huliweza. Kwa hiyo karatasi ile moja yaweza kuwa ndiyo kufa au kupona kwa mlinzi wa boma.

Mambo ya kuandika

Daftari dogo la shule latosha. Halihitaji kuwa zuri wala la bei. Juu ya jalada paandikwe jina la mwenye mbwa, jina la kijiji, na namba ya simu. Mbwa wakiwa wengi, kila mmoja apewe kurasa zake, wasichanganywe.

Ukurasa wa kwanza ni wa kumtambulisha mbwa. Paandikwe jina lake, dume au jike, rangi yake, na alama zisizofutika: sikio lililochanika, mkia uliokatika, doa jeupe kifuani, kovu la mguu. Paandikwe mwaka na mwezi aliozaliwa, au alipoletwa nyumbani na alikotoka. Picha moja ya ubavuni na moja ya usoni zafaa sana kubandikwa hapo. Mbwa wengine wa mjini hutiwa chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba ya tarakimu 15, isomwayo kwa chombo maalum. Aliye nacho aiandike namba hiyo hapa.

Ukurasa wa pili ni wa chanjo, nao ndio moyo wa daftari. Chanjo ya kichaa kwa desturi hutolewa mbwa afikapo miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na baadaye kwa muda ulioandikwa katika cheti. Chanjo nyingine hulinda kwa mwaka mmoja, nyingine kwa miaka 3. Pigeni mistari mfanye safu tano: tarehe ya chanjo, jina la ugonjwa unaokingwa, jina la dawa pamoja na namba iliyo katika chupa, jina la aliyechanja, na tarehe ya kurudia. Hii safu ya mwisho isiachwe wazi. Cheti chenyewe kisibandikwe kwa gundi, maana kitahitajiwa kutolewa. Kitiwe katika bahasha iliyoshonwa ndani ya jalada. Mahali pengine mbwa akichanjwa hufungwa ukosi wa rangi shingoni. Ukosi huo ni msaada mzuri, lakini hukatika na kuanguka vichakani. Haukai badala ya cheti.

Ukurasa wa tatu ni wa magonjwa na dawa. Mbwa akiugua magonjwa ya kupe, au akipewa dawa ya minyoo, paandikwe tarehe, dalili, dawa aliyopewa na kiasi chake. Kama kuna dawa iliyomdhuru, iandikwe kwa wino mwekundu. Hapo hapo paandikwe uzito wake, kwa kuwa dawa nyingi hupimwa kwa kilo za mwili, na dawa ikizidi huwa sumu. Mtu atauliza, mbwa apimwe vipi naye hakai juu ya mizani? Njia ni rahisi, na wanafunzi wataipenda kwa kuwa ni hesabu ya kutoa. Mtu asimame peke yake juu ya mizani, tuseme apata kilo 58. Kisha amnyanyue mbwa, asimame naye. Tuseme wapata kilo 74. Mbwa ana kilo 16. Iandikwe pamoja na tarehe, na irudiwe kila baada ya miezi michache, hasa kwa mbwa anayekua.

Ukurasa wa nne ni wa uzazi. Jike akipandwa, tarehe iandikwe, kwa maana atazaa baada ya siku zipatazo 63. Akisha kuzaa, paandikwe idadi ya watoto, na kila mmoja amekwenda kwa nani. Ukurasa huu watu wengi huuona hauna maana. Lakini siku mama yao akidhaniwa kuwa na ugonjwa, majirani wote waliochukua watoto wake hawana budi kuarifiwa, na mtu hawezi kuwaarifu asiowakumbuka.

Ukurasa wa tano ni wa watu wa kuitwa: Bwana Mifugo, zahanati, mwenyekiti wa kijiji, mwenye pikipiki au gari aliye karibu, na jirani mmoja aliyekubali kumlisha mbwa tukiwa hatupo. Namba za simu ziandikwe kwa tarakimu kubwa. Msitegemee kwamba zimo katika simu. Simu huzimika, na hasa siku ya mvua na msukosuko.

Mahali pa kuliweka

Sasa twafika penye kosa lililo la kawaida kuliko yote. Watu wengi hupokea karatasi, hawazikatai. Nao huziweka vizuri, wala hawazitupi. Lakini huziweka mahali ambapo ni mtu mmoja tu apajuaye, na mtu huyo asipokuwapo, karatasi ni kama hazipo. Jambo la hatari halichagui saa ambayo baba yupo nyumbani.

Kwa hiyo tunatoa shauri hili. Daftari litiwe kwanza katika mfuko wa nailoni usioingia maji, kisha katika mkebe wa bati wenye kifuniko, kwa kuwa panya na mchwa hawachagui karatasi yenye maana na isiyo na maana. Mkebe usiwekwe sakafuni penye unyevu, wala darini penye moshi. Utundikwe, au uwekwe juu ya rafu karibu na mlango, mahali pafikiwapo hata na mtoto wa miaka 10, naye aonyeshwe. Lipigwe marufuku moja tu: mkebe ule usitiwe misumari, wala sindano, wala fedha, maana mkebe wa kila kitu hufungwa kwa kufuli, na kufuli huturudisha kwa yule mama aliyekwenda msibani na ufunguo wake.

Pia iwepo nakala. Mwenye simu ya mkononi ipigayo picha azipige picha kurasa zote na cheti, awapelekee watu wawili: mmoja wa nyumbani na mmoja akaaye mbali. Asiye na simu kama hiyo aandike mambo makuu katika karatasi moja, ampe mwalimu au ndugu aliye kijiji kingine. Mtakumbuka mafuriko ya mwezi wa Aprili mwaka 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba kule Rufiji, na sehemu nyingi za Kenya. Maji yakija hivyo, watu hukimbia na watoto na nguo walizovaa, na mbwa hufuata nyuma wakiogelea. Huko kwenye mahali pa juu watu wengi hukaa pamoja na mbwa wengi wasiojuana, nao huumana. Hapo ndipo kujua ni mbwa gani aliyechanjwa ni jambo la kuwatuliza watu wote. Na nakala iliyo kwa ndugu wa mbali haikulowana.

Hatari nyingine zisizongoja

Kichaa si hatari pekee. Mbwa hula sumu mara nyingi. Sumu nyingine za panya huzuia damu isigande, na mbwa huonekana mzima kwa siku kadha kabla ya kuanza kutokwa na damu. Dawa nyingine za kuua wadudu wa shambani hushika mishipa ya fahamu, naye hutetemeka na kutokwa na mate saa ile ile. Dawa ya kuiponya sumu ya kwanza si ile ya kuiponya ya pili. Basi aandikaye katika daftari majina ya sumu zilizomo nyumbani, au akiwekaye kijaluba cha sumu asikitupe, humpunguzia Bwana Mifugo kazi ya kubahatisha. Tena dawa za binadamu za kutuliza maumivu, hata zile ziuzwazo dukani, zaweza kumdhuru mbwa. Asipewe bila shauri la mjuzi.

Mbwa hupotea vilevile. Mwenye kumtafuta kwa kusema, "Ni mbwa wa rangi ya udongo," ataonyeshwa mbwa ishirini. Mwenye picha na alama zilizoandikwa huonyeshwa mmoja. Na mwenye kuhama na mbwa wake, kwenda wilaya nyingine, au kuvuka mpaka, au kwenda kisiwani, ataulizwa cheti njiani; ni heri akiwa nacho mkononi kuliko kukikumbuka akiwa bandarini.

Faida ya kijiji kizima

Huenda mtu akasema, "Mimi sijui kuandika." Mtoto wako ajua. Mpe kazi hii, nawe mwambie la kuandika. Mzee hutoa habari, mtoto hutoa mkono. Mwingine atasema, "Mbwa yule si wangu, ni wa mtaa mzima." Basi mtaa umchague mtu mmoja wa kuweka daftari lake, kwa maana mbwa wa watu wote, asipoandikwa na mtu, siku akiuma hana mwenyewe.

Wataalamu wameona kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa. Lakini mbwa wengine hufa na wengine huzaliwa, hata baada ya mwaka hesabu imeharibika. Kwa hiyo chanjo hurudiwa. Na kijiji kitajuaje kama kimefika 70 au kimebaki 30, ikiwa hakuna aliyeandika? Kila daftari la nyumbani ni tofali moja katika ukuta huo.

Tazameni kisiwa cha Pemba. Kwa kuwachanja mbwa na kwa kufuata habari za kila aliyeumwa, ugonjwa ulikomeshwa kule mwaka 2014. Mwaka 2016 uliletwa tena kutoka nje ya kisiwa, na bahari yenyewe haikuwa kizuizi, kwa kuwa mbwa husafiri katika vyombo pamoja na watu. Lakini watu hawakukata tamaa. Walichanja tena na kufuatia habari tena, na kufika mwaka 2018 ulikuwa umekomeshwa mara ya pili. Kazi ile ilifanywa kwa sindano na kwa kalamu pamoja.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tarehe 6 Julai mwaka 1885, kule Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa siku 2 kabla yake. Mtoto alidungwa sindano 13 kwa muda usiozidi siku 11, na kila moja iliandikwa siku yake na nguvu yake. Mtoto alipona. Kwa kuwa mambo yale yaliandikwa, wengine waliweza kuyafuata. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba mwaka 1895, na siku hiyo hukumbukwa ulimwenguni kuwa siku ya kupigana na kichaa cha mbwa. Twawashauri iwe ndiyo siku ya kulifungua daftari la mbwa kila mwaka, kuangalia kama chanjo haijapita muda, kama namba za simu hazijabadilika, na kama mchwa hawajaingia.

Basi, wasikilizaji wetu, hatuwaambii mfanye mambo mengi usiku huu. Tunawaomba matatu tu. Kwanza, kitafuteni cheti cha mbwa wenu kabla hamjalala. Mkikiona, kiwekeni katika mfuko. Pili, ikiwa hakionekani, au hakikuwapo kamwe, mwendeeni Bwana Mifugo juma hili, mmwulize siku ya chanjo. Tatu, waonyesheni watoto mkebe utakapowekwa, kisha waulizeni tena baada ya siku chache, mwone kama wanakumbuka. Haya hayana gharama kubwa kuliko daftari moja na kalamu, na mtoto atakayeponywa kwayo huenda akawa ni wa jirani, au akawa ni wa kwenu.

Twawatakia usiku mwema.